Msiba Uliojaa Watani

Mama yangu alifariki alfajiri moja ya Juni, mwaka 2006, wakati matita ya ufuta yalikuwa bado yamesimama shambani yakikauka. Kufika saa tatu asubuhi, uwanja wetu pale Chiola ulikuwa umejaa watani wa makabila manne. Ndugu wa marehemu hakuwepo hata mmoja, isipokuwa mimi.

Huku kwetu mtani huja msibani akiwa na kazi yake. Huchimba kaburi, huteka maji, hupasua kuni, na katikati ya kazi hizo hucheka, hudai chumvi, hukamata kuku wa mfiwa na kumwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kusema, ili wafiwa wasizame kwenye huzuni. Mfiwa kazi yake ni kukaa kwenye mkeka na kuvumilia. Mambo huenda vizuri iwapo kila upande unajua mahali pake.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Jonasi, seremala, Mmakonde aliyehamia Chiola kabla sijazaliwa. Alikuja na mbao amezifunga kwenye baiskeli. Alisimama mlangoni alikolazwa mama, akapaza sauti.

"Serafina! Umekufa makusudi ili nikutengenezee kitanda cha bure! Bahati yako u mfupi. Ungekuwa mrefu ningekukunja."

Wanawake waliokuwa ndani wakaangua kicheko huku machozi yakiwatoka. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka kando ya ukuta, nami nilijikuta nimetabasamu. Nilikuwa nimefika jana yake jioni kutoka Ruangwa, ambako nilikuwa nafundisha sekondari mwaka wangu wa kwanza tangu nimalize chuo. Nilisafiri juu ya magunia ya mbaazi kwenye lori, na nilimkuta mama bado anaweza kunibana vidole. Tangu hapo sikuwa nimetabasamu.

Wakaja Wamwera, wenyeji wa pale, wakiongozwa na Bibi Mwanabibi, mwanamke mkongwe aliyewacheza unyago wasichana wengi wa kijiji, mimi nikiwemo. Alikuwa na fimbo mkononi na kanga mbili kichwani.

"Nani analia hapa?" aliuliza kabla hajafika uwanjani. "Machozi ya nini? Mngoni amekufa! Babu zake waliwakimbiza babu zetu mpaka milimani, leo sisi tumesimama na yeye amelala. Leteni chakula!"

Nyuma yao walifika Wamakua wa Kiegei, watu wanane kwa miguu. Mkubwa wao alikwenda moja kwa moja jikoni akabeba sufuria kichwani kama kofia, akasema hilo ni lake, Wayao wana masufuria mengi mno. Mwisho akaingia Mzee Adinani, Myao wa ng'ambo ya kijito, mrefu, mwembamba, kanzu yake imepauka. Huyo ndiye aliyekuwa mtani mkuu wa mama. Kwa miaka yote niliyoishi nyumbani haikupita wiki hawajatukanana.

"Wamakonde hawa," alisema akitikisa kichwa mlangoni. "Hata kufa hawaagi. Wanaondoka tu kama wametoka kuiba."

Bibi Mwanabibi akageuka. "Wamakonde wapi? Huyu Mngoni."

"Mngoni?" Jonasi aliacha kupima mbao. "Bibi, huyu ni Mmakua. Mtani wangu tangu mwaka sabini na sita. Aliniambia mwenyewe, mimi na mke wangu tumekaa naye pale pale kisimani."

Yule Mmakua akateremsha sufuria kichwani. "Mmakua? Angekuwa Mmakua tungemtania vipi? Sisi alituambia ni Myao."

Wote wakamtazama Adinani, Myao wa kweli.

"Msinitazame mimi," alisema. "Kwangu alikuwa Mmakonde. Nimemtukana Mmakonde miaka thelathini."

Jonasi ndiye aliyeanza kucheka, akashika mbao asianguke, na kicheko kikazunguka uwanja mzima mpaka kuku wakakimbia. Walielewa kwamba mama alikuwa amewatania wote kwa mpigo mmoja, utani mkubwa kuliko wowote waliopata kumfanyia, na alikuwa amewafichulia siku ambayo hakuna awezaye kulipiza. Mtu mmoja alipiga vigelegele.

Bibi Mwanabibi ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza. Aliinama kwenye fimbo yake akahesabu watu kwa macho, kundi moja baada ya jingine, akamalizia kwenye mkeka nilipokuwa nimekaa peke yangu.

"Sasa kama sote ni watani," alisema, "mwenye maiti ni nani?"

Jonasi akaweka chini mbao aliyokuwa ameishika.

Mama hakuwa mwongo. Yeye mwenyewe hakuwa anajua. Alivuka mto Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji akiwa na miaka mitano au sita, ameshikwa mkono na mwanamke ambaye hakukumbuka kama alikuwa mama yake, shangazi yake au mpita njia mwenye huruma. Mwanamke yule alikufa kambini wiki chache baadaye. Mama alibaki na wimbo mmoja wa kutwangia na lugha ya mtoto, na lugha ya mtoto ikapotea upesi, kwa sababu alilelewa nyumba hii msimu huu na nyumba ile msimu ujao, Nambambo kwa Wamakonde, kijiji kingine kwa Wamakua, kisha kwa ajuza mmoja wa Kiyao, mpaka masista walipombatiza Serafina na kumpeleka shule. Hakuwa na chale usoni ambazo zingemsemea, maana alikimbia kabla ya umri wa kuchanjwa. Makabila hayo yote matatu yanaishi pande zote mbili za mto. Angeweza kuwa yeyote kati yao.

Alipoolewa na baba yangu, Mmwera mtulivu wa Ruangwa, alihamia Chiola bila mjomba, bila dada, bila mtu wa kumsalimia kwa jina la ukoo. Akagundua kwamba mgeni anaweza kukaa kijijini miaka kumi akiamkiwa kwa heshima tu, na heshima peke yake ni baridi. Lakini mtani huingia jikoni kwako siku ya kwanza. Mtani huuliza mbona hukuonekana kisimani. Basi kila alipokutana na watu wa kabila moja, alijitaja kuwa wa lile wanalotaniana nalo. Nadhani hakupanga. Alianza na mmoja, akaona mlango umefunguka, akaenda kwenye mlango unaofuata.

Na alifanya kazi ya utani kwa uaminifu kuliko waliozaliwa nayo. Alikwenda kwenye misiba ya watu wote. Aliwahi kuivaa kanzu ya Adinani, aliyoianika kwa ajili ya Idi, akaenda nayo sokoni akinunua dagaa kwa sauti nzito ya kiume, na Adinani akasali Idi na shati la shule la mwanawe. Aliwahi kujificha kwenye kabati jipya la Jonasi likiwa linapelekwa kwa mteja. Nyumbani alikuwa na lugha yake. Aliwakemea kuku kwa Kimakonde, akahesabu magunia kwa Kimakua, akanibembeleza kwa Kiyao, akagombana na baba kwa Kimwera na akamwomba Mungu kwa Kiswahili. Mara nyingine sentensi moja ilianza kwenye lugha moja ikaishia kwenye nyingine, na sikujua kwamba hizo ni lugha tofauti mpaka nilipoanza shule na watoto wenzangu wakanicheka. Siku hizi nikiwasikia watu wanaozungumza lugha moja tu nyumbani, huona kama wanapika kwa kiungo kimoja.

Mwaka 1996 nilipochaguliwa kwenda sekondari, mwalimu alikuwa anajaza daftari lake, akaniuliza kabila la mama. Nilikwenda kumuuliza. Alikuwa anamenya muhogo, hakuinua kichwa.

"Mwambie aandike Nachingwea," alisema.

"Mama, hilo si kabila, ni wilaya."

"Basi ni wilaya iliyonizaa. Yeye aandike."

Baba alikuwa amekwisha kufa wakati huo. Ndugu zake wa Ruangwa walitupenda, na asubuhi hiyo ya msiba wengine walikuwa njiani, lakini kwetu ndugu wa mume ni wakwe tu. Hawamiliki maiti ya mke. Mtu ni wa upande wa mama yake, na siku ya kufa kwake ndio hao wanaoulizwa, hao wanaotoa ruhusa kaburi lichimbwe, na mjomba au kaka ndiye anayesimama kupokea msiba mbele ya watu. Asipokuwepo mtu wa kusimama, marehemu ni mgeni, na mgeni huzikwa na serikali.

Hilo ndilo lilikuwa jambo pekee mama aliloliogopa maishani. Alimwona yule mwanamke wa kambini akizikwa. Watu wa ofisi walikuja na machela, wakafukia, wakasimika kibao chenye namba. Hapakuwa na mtu wa kucheka wala wa kulia, alisema, ila mtoto mmoja ambaye hakujua amlilie nani. Jioni ile niliyofika kutoka Ruangwa alinivuta karibu na mdomo wake akaniambia neno lake la mwisho lililoeleweka.

"Usiniache nizikwe na ofisi."

Sasa mtendaji wa kijiji, kijana mwema aliyevaa shati safi, alikuwa amesimama katikati ya uwanja akikuna shingo. Jua lilikuwa limepanda. Katekista Emmanuel, aliyekuja na kitabu chake cha sala tangu saa mbili, alikuwa amekaa kwenye kigoda akisubiri, maana hata yeye hasali pale Chiola kabla mwenye msiba hajasimama.

"Wazee wangu," mtendaji alisema, "naona tusimchoshe marehemu. Kama wenyewe hawapatikani, serikali ya kijiji itasimama. Mimi nitasema maneno machache, tutaandika kwenye kitabu, tutamzika kwa heshima zote."

Alikusudia wema. Nilisimama hata hivyo.

"Hapana," nilisema. "Mwenye msiba yupo. Mimi hapa."

Watu walinigeukia. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, nimefunga kanga ya mama kiunoni, na yote niliyosoma chuoni yalikuwa yamenitoka kichwani.

Bibi Mwanabibi aligonga fimbo chini. "Mtoto amesema sawa," alisema. "Ukoo ni wa mama, na huyu ametoka tumboni mwake. Kwa hiyo msiseme hana ukoo. Ukoo wake ule pale umekaa kwenye mkeka, umefunga kanga vibaya." Watu wakacheka kidogo. "Lakini Catherine, mjukuu wangu, ukoo wako hauna mdomo. Anayepokea msiba ni mjomba. Nionyeshe mjomba wako, nami nitawatuma hawa wavivu wakachimbe kaburi sasa hivi."

"Sina, Bibi."

"Ndiyo shida."

Nilimtazama Mzee Jonasi. Alikuwa ameshika randa mkononi bila kuitumia.

"Usinitazame hivyo, mwanangu," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa anatania. "Ningekaa hapo. Wallahi ningekaa, na mimi Mkristo. Lakini anayekaa kwenye mkeka amekuwa ndugu, na ndugu hatanii tena. Nitakuwa nimeufunga utani wa Wamakonde wote wa Chiola na nyumba hii, nao hawakunituma. Kila niliyemtania hapa nitakuwa nimemkosea adabu."

Yule Mmakua wa Kiegei alisema hivyo hivyo kwa upande wao. Sikuwalaumu. Utani ni mali ya watu wengi, na mtu mmoja hawezi kuamka asubuhi akautoa. Mama alikuwa amejitengenezea milango minne ya kuingilia, na sasa nilielewa kwamba kila mmoja wa milango hiyo ulikuwa na sheria moja tu, kwamba anayeupitia asije kama ndugu.

"Mnapoteza muda," alisema Adinani. "Mtani ana kazi yake. Mkiwa mnatafuta mjomba, mimi namfufua huyu Mmakonde wangu."

Aliingia ndani bila kuuliza akatoka amejifunga kanga ya mama ya maua mekundu juu ya kanzu, jembe la marehemu begani, kilemba cha marehemu kichwani. Akaanza kutembea. Mama alikuwa na mguu wa kushoto uliovunjika utotoni ukaunga vibaya, na mwendo wake ulikuwa wa haraka na wa kuchota, kama mtu anayevuka madimbwi. Adinani, mrefu kama mnazi, aliuchukua mwendo huo akawa mama mtupu. Aliwakemea kuku kwa Kimakonde chenye lafudhi ya Kiyao. Alihesabu watani kwa Kimakua, akakosea, akarudia, akamsingizia Jonasi kwamba amesogea. Alimwendea katekista akamuuliza kama mbinguni kuna muhogo, maana kama hakuna yeye anarudi. Alinijia mimi akanivuta sikio.

"Umesoma mpaka macho yamekuwa madogo, na bado hujui kufunga kanga!"

Ilikuwa sauti yake hasa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na wakati huo huo moyo wangu ulikuwa unapasuka. Watu walikuwa wamekaa chini kwa kucheka. Wanawake wa ndani walitoka kuangalia.

"Sasa," Adinani alisema, bado kwa sauti ya mama, "nakwenda kwenye msiba wa Hadija, mke wa yule Myao mchafu."

Kicheko kikashuka kidogo. Hadija, mke wa Adinani, alifariki mwaka 1997. Sote tuliukumbuka msiba ule, kwa sababu mama alimwigiza Hadija vizuri hata mgane mwenyewe akacheka, naye alikuwa hajala siku mbili. Sasa Adinani alituonyesha mama akimwonyesha Hadija. Alipepeta mchele usiokuwepo, akachungulia chungu, akamfokea mume kwa kupenda shati moja. Kisha akaweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye kanga, akatazama huku na huku kama mtu anayehakikisha hatazamwi, na kwa ule mwendo wa kuchota akaenda nyuma ya kihenge chetu cha mahindi.

Tulisubiri atokee upande wa pili na kichekesho kingine. Hakutokea.

"Anakamata kuku huyo," Jonasi alisema.

Tuliendelea kusubiri. Nilisimama nikazunguka kihenge. Adinani alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye fito, jembe la mama amelilaza magotini, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alikuwa ameuziba mdomo kwa kanga.

"Rudi, mtoto," alisema aliponiona. "Waambie natafuta kuku."

"Mzee Adinani."

"Alifanya hivi hivi." Sauti ilikuwa yake sasa. "Siku ya Hadija. Alituchekesha wote, halafu akaenda nyuma ya kihenge changu. Nilimfuata nimtanie, nimwambie nimemkamata akiiba. Nikamkuta analia mpaka anatapika. Aliponiona akaniambia, ukisema nitakuua, mtani halii. Sikusema. Miaka tisa sikumwambia mtu."

Sikusikia hatua za Bibi Mwanabibi, ila niliiona fimbo yake pembeni yangu. Alimtazama Adinani kwa makini, kama alivyokuwa akitutazama sisi wasichana alipotaka kujua nani ameficha kitu.

"Unalia," alisema.

"Ni vumbi la ufuta, Bibi."

"Ufuta gani? Haujapurwa bado."

Alimshika mkono wa kanzu akamsimamisha. Adinani, kwa urefu wake wote, alimfuata kama mbuzi mpaka katikati ya uwanja, kilemba cha mama kimemwangukia sikioni, na machozi yanaonekana na kila mtu. Hakuna aliyecheka. Chiola mtani huweza kuiba, kutukana, kulala kwenye jeneza na kukataa kutoka, lakini halii. Akilia amesema kwamba kilichopotea ni chake.

"Mmeona," Bibi Mwanabibi alisema. "Huyu ameacha kuwa mtani. Na kwa maneno yake mwenyewe, niliyoyasikia kwa masikio yangu haya, Serafina naye aliacha mapema. Alimlilia Hadija nyuma ya kihenge. Adinani alijua akanyamaza."

Jonasi alikuwa anahesabu kwa vidole. "Ngoja, Bibi. Ina maana hawa ni ndugu tangu mwaka tisini na saba?"

"Ndiyo maana yake."

"Na miaka tisa yote wamekuwa wakitaniana? Kaka na dada? Mbele ya watoto wetu?" Jonasi alitupa randa juu ya mbao. "Aibu gani hii! Faini! Jogoo!"

"Majogoo mawili!" alipaza sauti Mmakua wa Kiegei, na uwanja ukalipuka upya.

Adinani alijaribu kusema kitu, akashindwa, akacheka huku analia. "Mama yako ameniponza," aliniambia. "Ameniponza akiwa amelala." Kisha akavua kilemba, akafungua kanga ya maua mekundu, akaikunja taratibu, mara mbili, mara nne, akanipa kwa mikono miwili. Hakuwa amewahi kunipa kitu kwa mikono miwili maishani mwake. Akavua viatu. Akakaa kwenye mkeka, upande wangu wa kulia.

Bibi Mwanabibi alisimama mbele yetu na kuuliza kama inavyoulizwa. "Wenye msiba mpo?"

"Tupo," Adinani alisema.

"Nani amekufa?"

"Dada yangu Serafina. Huyu ni mpwa wangu, Catherine."

"Kwao wapi?"

Hilo ndilo swali lililomshinda mama maisha yake yote. Adinani alimtazama Jonasi na mbao zake, Wamakua na sufuria letu, Bibi Mwanabibi na watu wake, kisha watoto wake mwenyewe waliokuwa wamesimama karibu na mkorosho.

"Kwao mnakujua," alisema. "Nyote mmetoka huko asubuhi hii, kila mmoja nyumbani kwake. Dada yangu si mgeni. Chimbeni kaburi."

Walikwenda kuchimba, pande zote nne na koleo mbili, wakizozana nani ashuke kwanza. Mtendaji alifunga kitabu chake akaenda nao. Jonasi alimaliza jeneza saa nane, na kwenye kifuniko, mahali ambapo wengine huchora msalaba mkubwa tu, alichonga msalaba na chini yake kuku mdogo mwenye hasira. Katekista Emmanuel alilitazama kwa muda, akasema haoni pingamizi. Wakati wa sala Adinani alisimama kimya kando yangu, viganja vyake vimefunguliwa kifuani kwa namna ya dini yake, na alipotupa udongo wa kwanza alitamka jina la mama na jina la Mungu kwa pumzi moja.

Siku mbili baadaye niliamka nikasikia vishindo shambani. Wamwera, Wamakonde na Wamakua walikuwa wameleta turubai, wanapura ufuta wa mama. Walikuwa wamemkamata Adinani na kumlazimisha abebe maji ya wote, kwa sababu sasa ni mfiwa na watani wana haki zao. Jogoo wake wa kwanza alikuwa tayari anachemka.

Nilirudi Ruangwa kufundisha, na nikaja tena kwa arobaini. Nilivuka kijito kwenda kumsalimia. Alikuwa ameketi barazani anatengeneza mpini wa jembe. Aliponiona uso wake uling'aa, akafungua mdomo, nami nikajua ni tusi gani linakuja, lile la siku zote kuhusu Wamakonde na miguu yao. Lakini alijizuia. Mdomo ulibaki wazi kidogo.

Nilipiga goti. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hujambo? Safari ilikuwaje?"

"Salama, mjomba."

Tulikaa. Tuliulizana habari za kazi, za mvua, za bei ya korosho, kwa adabu nzuri kabisa. Nikaona jinsi alivyokuwa anateseka. Niliona pia kwamba alikuwa amechagua mateso hayo mwenyewe, mbele ya watu wote, ili mama yangu apate kaka, na nilitamani niseme jambo hilo kwa maneno mazuri.

"Kumekuwa kimya, mpwa wangu," alisema hatimaye, akilisugua jembe. "Kimya sana."

Hapo akatoka ndani binti yake Ashura, mkubwa kwangu kwa miaka miwili, amejifunga kanga kifuani, mwiko mkononi. Alinitazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Huyu ndiye mwalimu?" alisema. "Baba, mbona hukuniambia binamu yangu ana kichwa kama kibuyu? Leta huo mkoba, nione umetuletea nini. Na leo unapika wewe, mimi nimechoka."

Akanipokonya mkoba, maana huku kwetu mtoto wa mjomba ni mtani wako wa kuzaliwa. Nilimtazama mjomba, ambaye hakuruhusiwa kucheka mbele ya mpwa wake, na ambaye alikuwa amegeukia ukutani, ameuziba mdomo kwa mkono wa kanzu, mabega yake yanatikisika. Nikafunga kanga yangu vizuri, nikasimama, nikamjibu Ashura kwa lugha ya mama yangu, nikianza kwa Kiyao na kumalizia kwa Kimakonde. Alinielewa neno kwa neno, akanirushia mwiko.